Nimeahidi nyimbo za mama kabla ya kumuuliza

Barua ya wiki hii imetoka kisiwa cha Pate, Lamu. Majina na kijiji tumeviondoa.

Asalaam aleikum Bi. Somo,

Nina miaka 31, nimeolewa, nina watoto wawili. Nakuandikia usiku kwa sababu mchana sina pahali pa kulia peke yangu.

Huu ni mwaka wa nne kijiji chetu kinafanya siku ya utamaduni. Ilianza kama utani. Vijana walirudi kutoka Amu, yaani Lamu mjini, kwenye Tamasha la Utamaduni wakasema: sisi ndio tunaopeleka wachezaji wa kirumbizi (ngoma ya kupigana fimbo), wapiga zumari na mashua za kushindana, mbona kwetu wenyewe hakuna siku? Tukachanga. Mwaka wa kwanza tulikuwa na ngoma mbili, sufuria nne za pilau na mbio za punda watatu, mmoja akakatiza njia akarudi kwao. Lakini watu walicheka mpaka Isha, na wazee waliotoka barazani mara ya mwisho sijui lini walitoka. Mimi nikafanywa katibu kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka.

Mwaka huu tumepata mfadhili, shirika moja la Nairobi. Watatoa shilingi 450,000, na 120,000 wameshatuma. Sharti lao ni moja: wanataka vugo, ichezwe na wanawake uwanjani, wairekodi, na filamu iwekwe kwenye intaneti. Kwa wasomaji wako wa bara: vugo ni ngoma yetu ya harusi. Wanawake hushika pembe, wakazigonga kwa vijiti, wakaimba huku wakipita mitaani usiku. Siku hizi harusi nyingi zinaletewa spika, na waliobaki wanaojua zile nyimbo ndefu, zile zinazojibizana mpaka alfajiri, hapa kwetu ni watatu. Mmoja amehamia Mombasa kwa mwanawe. Mmoja masikio yamekufa. Wa tatu ni mama yangu, ana miaka 68.

Waliponiuliza kwenye simu kama vugo ipo, nikasema ipo. Kama kuna mwimbaji, nikasema ni mama. Wakaleta karatasi za kurasa sita, nikasaini ya mwisho. Nilijiambia mama hajawahi kunikatalia kitu.

Nilipomwambia alikuwa kibarazani anasuka ukili. Hakuinua macho. Akasema, "Hukuniuza." Basi. Kwetu, kama ujuavyo, kuuza ni kuuliza. Tangu siku hiyo ni wiki mbili. Salamu anaitikia, watoto ananishikia, chakula ananiwekea. Nikitaja vugo, ananiuliza kama nimeanua nguo.

Na si kwamba hapendi kuimba. Mwezi uliopita tu aliniimbia jikoni wimbo ambao sijawahi kuusikia, mzuri ajabu, akaukatiza kati shangazi yangu alipoingia kuomba chumvi. Hakuumaliza mpaka leo.

Baba ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo mwenye sauti upande wa mama ni mjomba. Alikuja baada ya Isha akasema, "Nyimbo za dada yangu hazitachezwa kwenye simu za wahuni," na kwamba tukiendelea yeye hakanyagi uwanjani. Akikosekana yeye, wapiga ngoma watano hawaji. Upande wa pili, kikundi chetu cha wanawake, watu 17, kiliahidiwa fungu la kununua tangi la maji na cherehani. Wao wananiuliza mama yangu anajiona nani. Mfadhili anapiga simu kila baada ya siku moja. Zimebaki wiki tano, na katika zile 120,000 tumeshatumia 85,000: arbuni ya boti, leso za sare, ngozi mpya za ngoma.

Bi. Somo, sikufanya haya kwa tamaa. Bibi yangu alikufa na nyimbo zake. Tulipomzika nilihisi tumefukia sanduku la nguo za watu wengine. Na nimechoka kuona Mji wa Kale wa Lamu ni urithi wa dunia tangu 2001, na sisi wageni wanashuka, wanapiga picha magofu, wanaondoka maji yakijaa. Nilitaka kwa siku moja kamera igeukie wanawake wa Pate.

Nimbembeleze mama mpaka akubali? Nimwombe mjomba radhi? Nirudishe pesa ambazo sina? Nijiuzulu? Mume wangu anasema niyaache yote, lakini yeye ni mtu wa bahari, jambo likimchosha huenda kuvua.

Binti Katibu, Pate


SOMO ANAJIBU

Waaleikum salaam mwanangu. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikaona mama, mjomba na pesa. Niliporudia nikaona kitu kingine ambacho umekipitia mbio kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa: zile kurasa sita. Nitazirudia. Kwanza mama.

Ikiwa nimekuelewa, umetoa ahadi juu ya kitu kilichomo kifuani mwa mtu mwingine, na mtu huyo ni mama yako. Sasa wale uliowaahidi wanakuvuta huku, wanaomlinda wanakuvuta kule, na yeye mwenyewe kanyamaza. Wewe umekisoma kimya chake kama kukataa. Mimi sina hakika. Mama aliyekataa kabisa hakatai kwa neno moja, na nawajua mama zetu wa Pate na Siyu, wakikataa utasikia mpaka ng'ambo ya Manda. Alichosema ni kwamba hukumuuliza. Hilo si jibu la swali lako, kwa sababu swali lenyewe halikuulizwa. Na neno alilolichagua, sijui kama ulilisikia kwa sikio la pili. Kwa Kiamu na lahaja zenu za Pate, kuuza ni kuuliza. Kwa Kiswahili cha kwenye ile simu ya Nairobi, kuuza ni kuuza. "Hukuniuza," alisema, wakati mkononi una karatasi yenye bei. Huenda hakukusudia fumbo. Ila mtu anayeijua vugo mpaka alfajiri maneno yake hayadondoki ovyo.

Pili, unadhani kinachomkera, yeye na kaka yake, ni kuonekana. Labda. Lakini fikiri: vugo lini ilikuwa siri? Ilipita mitaani, chini ya madirisha ya watu, wanaume wamekaa barazani wanasikia kila neno na kujifanya hawasikii. Usiri wake haukuwa katika sauti, ulikuwa katika kupita. Wimbo ulisikika usiku huo na wale waliokuwapo, kesho yake umekwenda zake, anayekumbuka akumbuke. Na nyimbo zile zina mafumbo. Zinamsifu bibi harusi, ndiyo, lakini pia zinamchoma mama mkwe, zinalipa deni la maneno ya harusi ya miaka ishirini nyuma, zinamtaja mtu bila kumtaja. Ndiyo maana sentensi iliyonishtua katika barua yako yote ni ile ya chumvi. Mama kaukatiza wimbo alipoingia shangazi yako, yaani dada wa marehemu baba. Hukujiuliza kwa nini? Inawezekana ni bahati tu, sauti ilimkauka. Inawezekana pia wimbo ule una mtu ndani yake, na mtu huyo au watu wake bado wanachota maji kisima kimoja na nyinyi. Ukiwekwa kwenye intaneti, fumbo lililotungwa kwa mtaa mmoja na usiku mmoja litakuwa linaimbwa kila siku, na siku moja ataketi mtu Mombasa au Maskati aliyetoka kwenu, aufumbue, apige simu nyumbani.

Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema hilo ni swali ambalo ni mama peke yake anayeweza kulijibu, na bado hajaulizwa.

Kuhusu mjomba, nina neno dogo. Umeandika kwamba yeye ndiye mwenye sauti upande wa mama. Mama yako ana miaka 68 na ndiye aliyewaongoza wanawake usiku kucha. Je, alimtuma kaka yake, au kaka alikuja kwa ghera zake? Huenda wanasema jambo moja, huenda kila mmoja ana lake. Ukimwomba mjomba radhi kabla ya kumsikiliza mama, utakuwa umerudia lile lile la mwanzo: kuzungumza juu yake bila yeye. Lakini mjomba naye usimdharau. Anaposema simu za wahuni, amewahi kuona kitu. Kwenye sherehe zetu za kumpamba bibi harusi simu huachwa mlangoni, na hatufanyi hivyo kwa ushamba.

Sasa nikutetee kidogo, maana najua unajilaumu hadi kupitiliza. Ulichokitaka si kibaya. Angalia tamasha zetu zote: kirumbizi wanaume, goma la fimbo wanaume, mashua wanaume, bao wanaume, punda vijana wa kiume. Mwanamke yuko kwenye hina na kwenye sufuria. Ukisema unataka siku moja wasikike, mimi nipo nyuma yako. Wala hofu yako ya kaburi si ya kitoto. Mwana Kupona, wa huko huko kwenu Pate, mwaka 1858 alimtungia bintiye utendi wa wosia. Alisema kwanza na mwanawe. Leo unasomwa darasani na watu ambao hawajawahi kuuvuka Mkanda, ule mlango wa bahari wa kuja kwenu. Kama hakuna aliyeandika, tungekuwa na jina tu. Kwa hiyo siwezi kukwambia kwamba ya chumbani yabaki chumbani daima, historia yenu wenyewe itanicheka.

Ila iko na siwa. Ile siwa ya pembe ya ndovu ya Pate ilikuwa ikipulizwa kwenye shughuli za wakubwa. Sasa ni kitu cha makumbusho, salama, imefutwa vumbi, na haipulizwi. Filamu ya mama yako inaweza kuwa wosia wa Mwana Kupona, au ikawa siwa. Tofauti naiona katika jambo moja, kama kuna msichana anayejifunza. Hebu niambie, wewe unaujua wimbo hata mmoja mpaka mwisho? Katika wale 17, nani anajua kugonga pembe? Ulipoimbiwa jikoni ulisema "mzuri ajabu". Hukusema uliuitikia.

Nije kwenye karatasi. Ulisaini kurasa sita ukiwa katibu wa kamati. Katibu si kijiji, na si mama. Tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na kiini chake ni kwamba anayetaka kuzitumia nje ya desturi, hasa kibiashara, apate kwanza ridhaa ya jamii yenyewe ikiwa imeelezwa anakusudia nini. Sheria ya 2019 ya kulinda data nayo inaihesabu picha na sauti ya mtu kuwa taarifa zake binafsi, na aliyetoa idhini anaruhusiwa kuiondoa. Kwa hiyo usiione saini yako kama kufuli la chuma. Keti uzisome kurasa zote, polepole, na mtu mwingine anayesoma vizuri. Tafuta panaposema filamu ni ya nani, itatumika wapi, kwa muda gani, kama wanaweza kukata kipande wakakiuza, na kama vugo ikikosekana mnarudisha kiasi gani. Mpelekee mwanasheria, au ofisi ya utamaduni ya kaunti kule Amu, kabla ya simu inayofuata ya Nairobi. Ukikuta wanasema kila watakachorekodi ni chao milele, hapo hata mama akikubali kwa furaha, una la kuzungumza.

Na uwapigie wewe. Kumkimbia mfadhili kwa wiki mbili kunamfanya adhani mmekula pesa. Mwambie ukweli: uliahidi kabla ya kupata ridhaa ya mwimbaji, na sasa unaitafuta. Inaweza kuwa watakasirika, wakaondoka na zile 330,000. Hilo ni la kweli na linauma, tangi la maji si mchezo kisiwani kwenu. Lakini wafadhili wengi ninaowajua wanaogopa zaidi aibu ya kurekodi mtu asiyetaka kuliko kubadilisha ratiba. Waulize pia wanataka ichezwe saa ngapi. Nakisia ni alasiri, ingawa hukusema saa: siku za bamvua, yaani za maji makuu, bahari hujaa kama saa kumi, na boti ikikosa maji hayo Mkanda haipitiki vizuri hadi usiku wa manane. Wanataka waimbiwe upesi warudi Amu kulala. Vugo ya saa tisa juani ni sawa na daku ya adhuhuri. Wakilala kijijini usiku mmoja, mambo mengi yanaweza kubadilika, pamoja na mama yako.

Kuna njia za katikati, na kila moja ina mwiba wake. Mama anaweza kuchagua nyimbo mbili tatu zisizo na mtu ndani, za kumsifu bibi harusi tu, nyingine zibaki. Inaweza kurekodiwa sauti bila sura. Wanaweza kuonekana vijana wakigonga pembe na yeye akaketi nyuma ya pazia akiongoza. Hapo hatari si ile kamera kubwa unayoiona. Ni simu mia mbili mifukoni mwa wageni, na uwanja hauna mlango wa kuziacha. Au mkaacha vugo kabisa mwaka huu, mkaweka mashindano ya mashairi ya wanawake na ya kusuka, mfadhili akitaka kuchukua pesa zake achukue. Mjomba atarudi na wapiga ngoma wake. Lakini wale 17 watajiuliza kwa nini kila linapotakiwa kuachwa jambo, huachwa la wanawake, nao watakuwa na haki ya kuuliza. Kujiuzulu pia kupo. Sikuzuii. Ila deni la 85,000 halijiuzulu pamoja nawe, litamwangukia mtu ambaye hakuandika barua hii.

Wale 17, kwa njia, wanajua kwamba uliahidi kabla ya kumuuliza? Nina shaka wanaamini mama alikubali halafu akageuka, ndiyo maana wanauliza anajiona nani. Kama ni hivyo, mama yako anabeba lawama yako mtaani na hajakuumbua kwa mtu. Hilo peke yake lingenifanya nifunge buibui niende kukutana nao leo, kabla ya kusema neno lolote la tangi.

Mwisho ni mama, na hapo siwezi kukupangia maneno. Naweza kukupangia kikao tu. Usiende na karatasi. Simu iache kwako. Watoto mwachie baba yao, siku moja samaki watasubiri. Nenda wakati anasuka, chukua miyaa nawe usuke, hata kama unasuka vibaya. Usianze na wiki tano wala na pesa. Mwombe amalizie ule wimbo wa jikoni, kama kuna nafasi na shangazi hayupo, na akikataa kuumalizia, usiulize mara ya pili siku hiyo. Itawezekana akakwambia ni wa nani. Itawezekana akakwambia hataki kuimba mbele ya mtu tena tangu baba yako afariki, jambo ambalo mimi na wewe hatukulifikiria. Itawezekana akakwambia anataka kuimba, hata mbele ya kamera, ila alitaka kuombwa kama anavyoombwa mwimbaji, kwa kuendewa nyumbani.

Ukifika mlangoni na ulimi ukawa mzito, sema kwa lugha ya nyumbani: "Mama, nimekuya kukuuza." Atajua unamaanisha lipi.

Niandikie kabla boti haijalipwa salio.

Somo